Shimo Lisilojaa

Kisima kilitoa povu, na hakuna mtu aliyefulia nguo karibu yake.

Ndoo ilipogusa maji, povu jeupe lilipanda ukutani taratibu, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Kisha lilisimama. Halikumwagika, wala halikurudi chini. Lilikaa pale likipasukapasuka kwa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona akiwa na mate mdomoni. Maji yenyewe yalikuwa maangavu. Lakini ukiyashika yaliteleza, na ukiyaonja yalikuwa na chumvi. Ziwa lilikuwa mbele ya nyumba tu, na maji yake hayakuwa na chumvi hata chembe.

Kisima kilikuwa cha mama mmoja mjane aliyeuza maziwa ya mbuzi. Aliishi na mwanawe wa mwisho, binti mdogo aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Kila asubuhi mdogo wa kiume wa mjane huyo aliteremka kuja kumtekea dada yake maji, maana mgongo wa dada ulikuwa umechoka. Huyu mdogo watu walimwita Kipande. Alitengeneza sabuni ya kufulia na kuikata vipande, nyumbani kwake juu ya mteremko.

"Leo limefika wapi?" Kipande aliuliza huku akivuta kamba.

"Tofali la tatu kutoka juu," dada alijibu. "Jana lilikuwa la nne. Linapanda kama mgeni anayepanda ngazi."

"Dada, maneno gani hayo?"

"Wewe unalala juu huko, hulisikii. Njoo ulale huku usiku mmoja, tuone kama utafumba macho."

Kipande alivuta ndoo. Kamba ilikuwa imeota ukoko mweupe, na ulimkwaruza viganja.

Povu halikuwa peke yake. Ukuta wa chumba cha kulala ulitoa unga mweupe kutoka chini. Dada aliufuta kwa kitambaa, na baada ya siku chache ulirudi, juu kidogo kuliko mwanzo. Ziwani, matete yalikuwa yamekauka kwa mstari mmoja, kama njia ya mtu aliyepita akielekea majini. Jioni vyura walipiga kelele ufuo mzima, kushoto na kulia. Mbele ya nyumba ya dada tu hawakulia. Ukisimama pale ulisikia kimya kile kama unavyosikia mlango wazi nyuma yako.

Tena Chiriku alikuwa amenyamaza.

Alikaa kwenye kigoda, amefunika jicho la kulia kwa kanga ya mama yake. Kila asubuhi alinawa uso kwa maji ya kisima, kwa sababu alikuwa mtoto msafi.

"Mjomba," alisema, "jicho langu linaona maziwa."

"Linaona maziwa vipi, mama?"

"Kila kitu kimemwagiwa maziwa. Hata wewe."

Kipande alicheka ili mtoto asiogope. Halafu alimgeukia dada yake. "Umempeleka hospitali?"

"Nimempeleka. Wamempa dawa ya matone. Wakaniuliza ananawa maji gani. Nikasema ya kisima, wakasema niyapeleke yakapimwe. Nitayapeleka wapi mimi? Jumamosi nahama. Nimeshawauza mbuzi wawili. Wanne wamekufa, waliobaki nitahama nao."

"Unahama uende wapi?"

"Popote ambapo maji hayaninong'onezi."

Jirani yao aliitwa Redio. Habari zote zilipita kwake, na zikitoka zilikuwa zimeongezwa chumvi. Asubuhi ile alikuja amejishika kiuno.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alianza. "Mnamkumbuka yule mchimba kisima wa zamani? Aliyefukiwa na udongo kule juu? Walimtoa, wakamzika haraka haraka. Alikwenda na udongo wake mwilini. Sasa anaoga."

"Nani anaoga?" dada aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Marehemu. Anaoga, na povu linateremka huku."

"Na sabuni anaipata wapi?" Kipande alisema. "Kwangu hajanunua."

Hata dada alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima.

Sasa lazima tuseme habari za shimo.

Kisima alimofia yule mchimbaji kilikuwa kwenye ua wa Kipande. Hakikuwahi kutoa maji. Baba yake Kipande alikifunika kwa bati, na Kipande alipoanza kazi ya sabuni alikipatia kazi. Sabuni huchemshwa kwa mafuta na kostiki, yale magadi makali yanayochubua ngozi. Ikikaribia kuiva hutiwa chumvi nyingi. Sabuni huelea juu, na chini ya pipa hubaki maji ya kahawia, yenye chumvi na kostiki. Maji hayo hayafai kuguswa.

Kipande hakuwa mtu wa hovyo. Alijua maji yale yakiingia ziwani yataua samaki. Kwa hiyo alikuwa akiyamwaga kwenye shimo, juu kabisa, mbali na ziwa. Aliyamwaga kwa miaka. Mwaka ule alipata kazi ya kuuzia shule ya bweni sabuni, akawa anamwaga mara mbili zaidi. Shimo lilimeza yote. Halikujaa hata siku moja. Kipande aliona ni baraka.

Mkewe hakuona hivyo. Hakupita karibu na lile bati, hasa siku za mawingu, maana siku hizo bati lilitetemeka lenyewe na pumzi baridi ilitoka chini yake. Pumzi yenye harufu ya sabuni.

"Shimo lisilojaa si shimo," alimwambia mumewe. "Ni koo."

"Basi koo lina kiu, mke wangu. Liache linywe."

Kuhusu kisima cha dada, Kipande hakuwa na wasiwasi wowote na shimo lake. Kila mtu wa ufuo ule alijua kwamba visima vinakunywa kutoka ziwani. Ziwa ndilo mama, visima ni watoto. Kinachomwagwa mlimani kitafikaje kwenye kisima kinachonyonya ziwa? Hivyo ndivyo walivyofundishwa na wazee wao. Walifundishwa vibaya.

Alhamisi lilikuja gari la idara ya maji. Alishuka mama mmoja mwenye buti za mpira na mzigo wa waya begani. Alikuja kutafuta mahali pa kuchimba kisima cha mtaa. Kabla jua halijawa kali, watoto walikuwa wameshampa jina: Bi Nyaya.

Bi Nyaya alitazama matete yaliyokauka kwa muda mrefu. Kisha alipiga hodi kwa dada. Alionja tone moja la maji, akatema.

"Mama, tangu sasa msinywe haya. Msioge wala msinawe. Mchote kwa jirani yako."

"Kwani ni nini?" dada aliuliza.

"Sijui bado. Nataka kuiuliza ardhi."

"Ardhi inajibu?" Redio aliuliza kutoka kwenye ua wake.

"Inajibu, ukijua kuuliza."

Kwanza Bi Nyaya alipima kisima kwa kamba ya kupimia. Kisha akaweka darubini ndogo juu ya miguu mitatu, akatazama kisima, akatazama ziwa. Alimwita Kipande.

"Kaka, maji ya kisima yamesimama juu kuliko maji ya ziwa. Tofauti yake ni kama kutoka kwenye goti mpaka chini. Maji hupanda mlima?"

"Hayapandi."

"Basi hapa nani anamlisha mwenzake?"

Kipande alitazama kisima. Alitazama ziwa. "Haiwezekani," alisema.

"Inawezekana sana. Mvua hunyesha juu, huzama ardhini, na huteremka huko chini tusikoona. Hupita kwenye visima, ndipo huingia ziwani. Mahali pengine ziwa hulisha visima, ni kweli. Hapa sivyo. Ndiyo maana tunapima na hatukisii."

Wazo lilimjia Kipande. Hakulitaka, akalisukuma pembeni. "Nikusaidie kazi?" aliuliza.

"Shika nyundo."

Walipigilia vijiti vya chuma ardhini, kimoja baada ya kingine, kwa mstari mmoja sambamba na ufuo. Waya mnene ulipita juu ya vijiti vyote mpaka kwenye kisanduku chenye betri. Bi Nyaya aliwafukuza watoto na mbuzi.

"Kisanduku kikifanya kazi, mtu asiguse chuma," alisema. "Ninapeleka umeme ardhini. Mwamba mkavu unaukataa umeme. Mchanga wenye maji matamu unaupitisha kidogo. Maji ya chumvi yanaupitisha kwa urahisi sana. Kisanduku kinasoma, kisha kinanichorea."

Kisanduku kililia tiki, tiki, tiki. Watu walizungukia kioo chake. Ilitokea picha ya ardhi kama mkate uliokatwa kwa kisu. Sehemu kavu zilikuwa za bluu. Penye maji matamu palikuwa kijani. Na katikati, chini ya kisima cha dada, kulikuwa na doa jekundu.

"Kwangu je?" Redio aliuliza haraka.

"Kwako ni kijani. Uko salama."

"Alhamdulillahi. Hata mimi nilijua."

Walisogeza waya nyuma ya nyumba ya dada, juu kidogo. Doa jekundu lilikuwapo tena. Bi Nyaya alionyesha kwa kidole.

"Zamani sana hapa palikuwa na mto. Mto ukafukiwa na udongo, lakini changarawe yake bado iko chini. Maji yanaifuata njia ile ile ya zamani. Hilo doa la mbele ya nyumba na hili la nyuma ni njia moja."

Dada alitazama madoa yale mawili na nyumba yake iliyokuwa katikati. "Maana yake inapita chini ya kitanda changu."

"Ndiyo, mama."

"Inakimbia?"

"Haikimbii. Inatambaa. Kwa siku nzima labda hatua mbili. Ukuta wako unainyonya kutoka chini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Ndiyo ule unga mweupe."

Watu walitazama chini, na mmoja mmoja walianza kusogeza miguu, kama waliosimama juu ya mtu aliyelala.

Mstari wa tatu ulifika pembeni mwa makaburi, alikozikwa yule mchimba kisima. Redio alishika kichwa.

"Nilisema! Si nilisema? Anaoga!"

Bi Nyaya hakucheka. Aliutandaza waya nje ya makaburi, akasubiri kisanduku. Umati ulikuwa umeongezeka, lakini ulisikia tiki, tiki tu. Picha ilitoka. Chini ya makaburi palikuwa bluu tupu. Wekundu ulikuwa umejipinda na kupita kando.

"Hapo pamekauka," Bi Nyaya alisema. "Waliolala hapo hawana hata tone la kunawa. Waacheni wapumzike, nyinyi. Hii chumvi inatoka kwa walio hai."

Aliye hai alikuwa mmoja kati yao. Kila mtu alimwangalia mwenzake.

Kipande alipigilia kijiti kingine. Alikuwa ameinua macho na kuhesabu nyumba zilizobaki juu ya mteremko. Ilibaki moja.

Angeweza kusema amechoka. Angeweza kukiweka kijiti pembeni, waya usome vibaya. Nani angejua? Jumamosi dada angehama, kisima kingefungwa, na maneno ya Redio yangekuwa historia ya mtaa. Mambo mengi mabaya humalizika hivyo. Watu humsingizia marehemu, naye hana mdomo.

"Huko juu kuna nini?" Bi Nyaya aliuliza.

Dada ndiye aliyejibu. "Huko ni kwa mdogo wangu huyu. Hakuna kitu, ni nyumba tu. Yeye ndiye anayenitekea maji kila siku. Mtu mwema sana."

Nyundo ilimtoka Kipande mkononi.

"Dada," alisema. "Kuna shimo."

Walipanda wote. Mkewe Kipande alikuwa uani. Alipoona umati, na mumewe mbele yao, alielewa bila kuambiwa, akakaa chini. Mawingu yalikuwa yamejikusanya. Lile bati lilikuwa linatetemeka. Lilitulia, likatetemeka tena, na upepo baridi wenye harufu ya sabuni uliwagusa usoni. Redio aliruka nyuma ya mtu mwingine.

Bi Nyaya aliweka kiganja kwenye ufa uliokuwa kando ya bati.

"Shimo linapumua," alisema. "Msiogope. Mvua ikikaribia, hewa ya juu huwa nyepesi. Hewa iliyo ndani ya ardhi husukumwa nje. Hali ya hewa ikitulia, shimo huvuta ndani. Linapumua sana kwa sababu kuna changarawe nyingi yenye nafasi huko chini. Ni mto ule ule. Kaka, ulikuwa unamwaga nini humu?"

Kipande alieleza kila kitu. Mafuta, kostiki, chumvi, maji ya kahawia. Hakuacha neno.

"Na halikujaa?"

"Halikujaa."

"Shimo la taka lisilojaa si baraka. Ni bomba. Uliza mwisho wake uko wapi."

Alitandaza waya kando ya shimo. Kioo kilikuwa chekundu karibu chote.

Watu walingoja dada apige kelele. Hakupiga. Alimsogelea mdogo wake mpaka wakakaribiana nyuso.

"Asubuhi unanitekea maji," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Jioni unayamwaga haya."

"Ndiyo, dada."

"Chiriku alikuwa ananawa sabuni yako."

Kipande alifungua mdomo ili aseme hakujua. Ilikuwa kweli kwamba hakujua. Lakini aliona kwamba neno hilo halitasafisha jicho la mtoto, akaufunga mdomo. Dada alijifunga kanga yake vizuri akateremka. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari ya kutangaza.

Siku iliyofuata daktari wa macho aliambiwa mtoto alikuwa ananawa maji yenye kostiki. Alilisafisha jicho, akabadilisha dawa. "Yalikuwa yanamchoma kidogo kidogo kila asubuhi," alisema. "Jeraha kubwa mngeliona mapema. Hili limejificha."

Kipande alisimamisha kazi. Bi Nyaya alikaa naye uani, juu ya pipa lililopinduliwa.

"Sikuambii uache sabuni," alimwambia. "Watu watafua kwa nini? Nakuambia usimwage ardhini. Jenga tangi la saruji, ulipige lipu ndani lisivuje. Yale maji ya kahawia bado yana kostiki, siyo?"

"Yana kidogo."

"Basi yarudishe kwenye pipa linalofuata. Unatupa mali yako mwenyewe. Yakichoka kabisa, yaanike kwenye beseni pana mpaka ibaki chumvi, na gari la idara litaichukua."

"Na shimo?"

"Ujaze udongo wa mfinyanzi, uushindilie, uweke zege juu. Na waambie wenzako: mtu asichimbe choo wala shimo la taka kabla hajajua maji ya chini yanaelekea wapi. Macho hayatoshi. Mteremko wa juu unaweza kwenda huku, na mto wa chini ukajipinda kule, kama ulivyokwepa makaburi."

Kipande alilijaza shimo udongo mwenyewe. Udongo wa kwanza ulipoanguka, shimo lilitoa pumzi ndefu. Mkewe aliisikia kutoka jikoni. Alikuja akashika koleo la pili, wakashindilia pamoja mpaka kazi ikaisha.

Jumamosi ilipita na dada hakuhama. Kisima cha mtaa kilichimbwa penye kijani, upande wa pili wa nyumba ya Redio, nje ya njia nyekundu. Maji yake yalipimwa kabla mtu hajanywa, na hupimwa tena kila baada ya mvua. Ni matamu. Bi Nyaya alirudi mwaka uliofuata na waya wake. Wekundu ulikuwa umepungua na kuachana na shimo, kama mkia unaoingia majini. Alisema maji ya mvua yataendelea kuisafisha ile changarawe, lakini polepole, na yeyote asifungue kisima cha zamani mpaka yeye aseme. Mwisho wa msimu matete machache yalichipua. Watoto wa mtaa wanaoga na kunawa, na hakuna aliyepelekwa hospitali kwa ngozi wala macho.

Gharama ya yote ni hii.

Tangi la Kipande lilimaliza mifuko sita ya saruji. Angelijenga mwanzo, lingemaliza mifuko hiyo hiyo sita.

Mbuzi wanne walikufa, na wawili waliuzwa kwa bei ya kutupa. Kipande amelipa watano. Bado mmoja.

Kisima kimoja, alichochimba marehemu mume wa dada kwa mikono yake, kimezibwa.

Dada alikaa masika yote bila kukanyaga ua wa mdogo wake. Sasa anakuja, ila hakai.

Na Chiriku amerudi kusema. Anasema kutwa, mpaka watu wanamwomba apumzike. Jicho la kushoto ni zima. La kulia linaona mwanga na giza, basi.